Televisheni Haikuzimwa: Hofu ya Kuhamia Dijitali na Swali Ambalo Hatukuliuliza

Jumamosi ya tarehe 14 Februari 2015, maofisa wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, wakisindikizwa na polisi, walifika Limuru kwenye mitambo iliyokuwa ikirusha matangazo ya Nairobi na viunga vyake. Wakazima mawimbi ya analojia ya NTV, KTN, Citizen na QTV. Muda mfupi baadaye vituo vyote vinne vilikuwa havionekani. Vikakaa nje ya hewa karibu wiki tatu, hadi mwanzoni mwa Machi.

Anayewakumbuka majirani zetu wa siku zile atakumbuka makelele yao. Kwenye matatu, ofisini, kwenye simu, habari ilikuwa ni hiyo tu. Kuna waliosema serikali imewanyang'anya wananchi habari. Kuna waliosema Kenya imerudi enzi za sauti moja, kabla KTN haijaanza mwaka 1990, wakati shirika la utangazaji la serikali lilipokuwa halina mshindani. Wengine walihofia seti yao ya TV imeshakuwa chuma chakavu na kwamba sasa lazima wanunue ya kisasa ya ukutani. Wapo pia waliouliza kama redio nayo itafuata.

Karibu yote hayo hayakuwa kweli. Matangazo ya runinga yalikuwa bado hewani Kenya, na seti za zamani zilikuwa nzima. Hata vituo vile vinne vilikuwa na njia ya kurudi kwa watazamaji mapema kama vingekubali kubebwa na mitambo ya wengine. Hofu ilikuwa kubwa kuliko jambo lenyewe. Ninachotaka kueleza hapa ni kwa nini ilikua kiasi kile, na kwa nini naamini ilitugharimu: wakati kila mtu anakililia kioo, swali lililokuwa na uzito, yaani nani atakayeshika mitambo ambayo kila kituo lazima kipitie, lilipita bila kuulizwa na wengi.

Kilichozimwa ni nini hasa

Tuanze na ufundi, maana bila huo mengine hayaeleweki.

Katika analojia, kila kituo cha televisheni hukalia kipande chake cha masafa peke yake. Huku kwetu, kwenye bendi ya UHF, kipande hicho kina upana wa megahezi 8. Kituo kimoja, kipande kimoja. Ukitaka kuongeza kituo cha pili, tafuta kipande kingine, na vipande vina mwisho. Ndiyo maana kwa miaka mingi Nairobi na Dar es Salaam wawekezaji walikuwa wakiambiwa masafa yamekwisha.

Dijitali hubadilisha picha na sauti kuwa tarakimu, ikazibana, ikazipakia pamoja. Kwa mfumo wa DVB-T2 ambao nchi zetu ziliishia kuutumia, kipande kilekile cha megahezi 8 kinaweza kubeba vituo kumi na tano na zaidi vya ubora wa kawaida. Zamani kila mwenye kituo alikuwa na gari lake binafsi barabarani. Dijitali ni matatu, yaani basi dogo: abiria wengi, gari moja, safari moja. Barabara inapumua, na nafasi iliyobaki inapewa watumiaji wengine. Lakini papo hapo linazuka jambo ambalo halikuwapo zamani, nalo ni kwamba matatu lina mwenyewe.

Sababu ya nchi nyingi kuhama katika miaka ileile ni makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006, yaliyosimamiwa na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU. Nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati pamoja na Iran zilipanga upya masafa yao na kuweka tarehe ya mwisho, 17 Juni 2015, kwa bendi ya UHF. Tarehe hiyo ilielezwa vibaya mno kwa wananchi. Wengi walielewa kwamba siku hiyo ITU itazima televisheni za Afrika. ITU haina swichi ya kuzimia televisheni ya mtu yeyote. Makubaliano yalisema tu kwamba baada ya siku hiyo, nchi itakayobaki na analojia haitalindwa tena dhidi ya mwingiliano wa mawimbi ya jirani yake. Ukichelewa, dijitali ya nchi ya jirani ikikuharibia picha mpakani, huna pa kushtaki.

Na ile nafasi iliyobaki? Ilikwenda kwenye simu. Masafa ya megahezi 700 na 800 yaliyokuwa ya televisheni yanasafiri mbali na kupenya kuta vizuri, ndiyo maana kampuni za simu zilikuwa zikiyamezea mate. Tanzania, kwa mfano, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipiga mnada masafa ya megahezi 700 mwaka 2018, na Vodacom na Azam Telecom zikawa miongoni mwa walioyapata. Intaneti ya kasi unayoitumia leo simuni, kwa sehemu, inapita palipokuwa pakipita taarifa ya habari. Faida hiyo ni kubwa, na nashangaa mpaka leo kwa nini haikutangazwa waziwazi tangu mwanzo. Mwananchi aliambiwa atapata "picha safi". Hakuambiwa kwamba nchi inarudisha ardhi yenye thamani kubwa na kuigawa upya.

TV ya chogo na nyaya tatu

Kwa mtazamaji, mabadiliko yote haya yalishuka hadi kwenye kijisanduku kimoja: king'amuzi. TV ya zamani haijui kusoma tarakimu, kwa hiyo king'amuzi kinasoma kwa niaba yake na kumpelekea picha aliyoizoea. Basi. Hakuna TV iliyolazimika kutupwa.

Ila kati ya kujua hivyo na kuona picha kuna safari, na safari hiyo ndiyo iliyozaa nusu ya malalamiko. Dar es Salaam ilizimiwa analojia saa sita usiku wa 31 Desemba 2012, ya kwanza Afrika Mashariki. Januari ile, kwa jirani yetu Magomeni, bibi mmoja alikuwa amenunua king'amuzi kabla ya sikukuu, akakiweka juu ya TV yake ya chogo na kukifunika kitambaa cha kufuma. Sikukuu ikapita, na kioo kikawa chenga tupu. Fundi alipokuja, kijana wa umri wa wajukuu zake, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, hiki kidude wameniibia. Nimekiweka tangu juzi, hakuna kitu."

"Bibi, umekichomeka kwenye TV?"

Hakikuwa kimechomekwa. Nyaya tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu, zilikuwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni ndani ya boksi. Fundi akazichomeka nyuma ya chogo, akaitoa antena kwenye TV na kuihamishia kwenye king'amuzi, akachukua rimoti ya TV na kubonyeza AV. Chenga zikaondoka, kioo kikawa buluu, kisha ikaja menyu ya king'amuzi. Akaagiza kitafute chaneli. Asilimia zikapanda polepole, mstari wa majina ukajaa. Halafu akatoka nje kuigeuza antena, bibi akiwa dirishani anampigia kelele: imekuja, imekatika, imekuja, hapohapo usiguse.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo watu hawakuandaliwa kabisa. Analojia ikidhoofika inakuvumilia: chenga zinaongezeka, sauti inakwaruza, lakini mpira unaendelea kuuona, hata kama wachezaji wana vivuli. Dijitali haina uvumilivu huo. Mawimbi yakitosha, picha ni safi. Yakipungua kidogo chini ya kiwango, picha inagandaganda vipande vipande kisha inapotea kabisa, kioo cheusi. Aliyekuwa akiridhika na picha mbovu ya analojia pembezoni mwa mji akajikuta hana picha kabisa. Kwake yeye, televisheni ilikuwa imezimwa kweli, na hakuna tangazo la serikali lingemwambia vingine. Dawa mara nyingi ilikuwa antena ndefu zaidi, au mtambo mwingine wa kurushia karibu na eneo lake, ambao ulichelewa kujengwa.

Kisha kulikuwa na mkanganyiko wa masanduku yenyewe. Kenya ilianza dijitali tarehe 9 Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, Rais Mwai Kibaki akizindua. Baadaye ikahamia DVB-T2. Walioitikia wito mapema, raia wema kabisa, wakajikuta na ving'amuzi visivyosoma mfumo mpya. Halafu kuna ving'amuzi vya bure, unavyonunua mara moja na kumaliza, na vya kulipia kila mwezi. Dukani vyote viko rafu moja, na muuzaji ana sababu ya kukuuzia cha malipo. Mtu akanunua cha malipo akidhani ndicho cha lazima, mwezi ukaisha, chaneli zikakatika, akarudi nyumbani kuwaambia watoto serikali imezima TV.

Vita vya Nairobi vilikuwa vya nani

Turudi Limuru. Mgogoro wa Kenya haukuwa wa picha, ulikuwa wa matatu na mwenye matatu.

Kabla ya dijitali, makampuni makubwa ya habari ya Kenya, Royal Media, Nation na Standard, yalikuwa na minara yao, mitambo yao na masafa yao. Kwa miaka mingi yalikuwa yamewekeza fedha nyingi kwenye milima na vilima vya nchi nzima. Mfumo mpya ulitenganisha kazi mbili: kuandaa vipindi ni kazi moja, kuvirusha ni kazi nyingine yenye leseni yake. Leseni ya kwanza ya kurusha ilipewa Signet, kampuni tanzu ya shirika la serikali, KBC. Ya pili, mwaka 2011, ikaenda kwa Pan African Network Group, kampuni ya Kichina, huku wawekezaji wa ndani walioitaka wakiikosa kwenye zabuni. Yaani waliokuwa wenye magari wote wakaambiwa wapande kama abiria, gari moja la serikali na jingine la mgeni.

Ukiliona hivyo, hasira yao unaielewa. Mimi naielewa. Walikwenda mahakamani, na safari ya kesi ilikuwa ndefu: Desemba 2013 Mahakama Kuu iliwakatalia, Machi 2014 Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi, na tarehe 29 Septemba 2014 Mahakama ya Juu ikaugeuza kwa sehemu kubwa, ikasema ving'amuzi vya washindani kubeba vituo vyao vya bure haikuwa kuvunja hakimiliki, lakini pia ikafungua njia ya wao kufikiriwa leseni yao ya kurusha. Leseni hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ya ADN, mtandao wao wa pamoja.

Kabla ya hapo tayari tarehe zilikuwa zimeahirishwa mara kadhaa. Mwishoni mwa 2012 shirikisho la watetezi wa walaji, COFEK, lilikwenda mahakamani kupinga kuzimwa kwa Nairobi kwa hoja kwamba ving'amuzi ni ghali na uchaguzi uko karibu. Uchaguzi wa Machi 2013 ukapita, tarehe mpya ikawekwa, nayo ikapita. Mtu aliyeambiwa mara nyingi kwamba mwisho umefika, na mwisho usifike, hawezi kulaumiwa kwa kutokwenda dukani. Kila ahirisho lilipunguza imani na kuongeza idadi ya watakaoshtuka siku yenyewe.

Januari na Februari 2015 ndipo hofu ilipopikwa. Vituo vilitumia muda wa hewani kuwaambia watazamaji kwamba kampuni za ving'amuzi vya kulipia, StarTimes na GOtv, zinabeba matangazo yao isivyo halali, na kwamba wasubiri ving'amuzi vya vituo vyenyewe. Mamlaka ikajibu kwa ukali. Mtazamaji katikati akasikia pande mbili zote zikimwonya, upande mmoja ukisema nunua sasa, mwingine ukisema usinunue hicho. Analojia ilipozimwa Limuru, vituo vikachagua kutoonekana kabisa kuliko kupanda matatu la mshindani, vikisubiri mitambo yao ya ADN ikamilike.

Hapa nasema bila kuuma maneno: waliokuwa na maslahi makubwa zaidi katika mgogoro ndio waliokuwa na vipaza sauti. Hakuna mgogoro mwingine wa biashara ambamo upande mmoja unaweza kuingia sebuleni kwa kila mtu jioni saa moja na saa tatu, wakati wa taarifa ya habari, na kueleza kesi yake kama janga la taifa. Kweli zao zilikuwa kweli, hasara yao ya matangazo ya biashara ilikuwa halisi. Lakini "tunapigania nafasi yetu katika biashara ya kurusha" na "wananchi wananyimwa habari" ni sentensi mbili tofauti, na kwa wiki tatu zilitamkwa kama moja.

Zaidi, tukumbuke ni nani hasa aliyekuwa akiongelewa. Katika sensa ya Kenya ya 2009, kaya zenye televisheni zilikuwa takribani 28 kati ya kila 100, na zenye redio takribani 74. Sehemu kubwa ya nchi haikuwa na kioo cha kuzimiwa. Redio ziliendelea, magazeti yaliendelea, KBC na K24 zilikuwa hewani. Waliokosa vituo vile vinne walikosa vipindi walivyovipenda na watangazaji waliowaamini, na hilo si dogo kwa mtu aliyezoea kula chakula cha jioni na sauti fulani. Nchi kupoteza habari, hapana.

Upande wa Tanzania kelele zilikuwa chini zaidi, ingawa zilikuwapo. Baada ya Dar es Salaam zilifuata Dodoma, Tanga, Mwanza, Moshi, Arusha na Mbeya, mji baada ya mji, katika miezi ya mwanzo ya 2013. Wamiliki wa vyombo vya habari kupitia umoja wao, MOAT, walilalamika kwamba wamepoteza watazamaji na matangazo, wakataka analojia irudi sambamba na dijitali. Haikurudi. Nadhani tofauti kubwa ni kwamba Tanzania miongoni mwa wenye leseni za kurusha walikuwamo wazawa na watangazaji wenyewe, kwa hiyo vita vya mwenye matatu havikuwa vikali vile.

Wamarekani nao walitetemeka

Mtu asidhani hofu hii ni ya watu wa chogo na antena za mianzi. Marekani, nchi yenye kila kitu, ilipanga kuzima analojia tarehe 17 Februari 2009. Serikali ilitenga kuponi za dola 40, mbili kwa kila kaya, za kununulia ving'amuzi. Mwanzoni mwa Januari fedha za kuponi zikafika kikomo na watu wakaanza kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Timu ya Barack Obama, kabla hata hajaapishwa, ikaomba tarehe isogezwe, na Bunge likaisogeza hadi 12 Juni. Viongozi wakazungumza kana kwamba mamilioni ya wazee wataachwa bila onyo la kimbunga wala habari.

Siku ilipofika, kaya ambazo hazijajiandaa kabisa zilikuwa chini ya tatu kati ya kila mia. Tume ya mawasiliano, FCC, ilipokea simu zaidi ya 300,000 siku hiyo moja, idadi ya kutisha ukiisikia peke yake. Lakini sehemu kubwa ya waliopiga hawakuwa wamepoteza televisheni. Walikuwa wanauliza kuhusu kuponi, au wanacho king'amuzi na hawajui kukitumia, na jibu moja lililorudiwa mno lilikuwa: agiza kitafute chaneli upya. Ni yaleyale ya bibi wa Magomeni, tena akiwa na fundi mlangoni.

Waingereza walifanya kwa utulivu zaidi, na kuna la kujifunza hapo. Walianza na mji mmoja mdogo, Whitehaven, Oktoba 2007, wakamaliza Oktoba 2012 huko Ireland ya Kaskazini. Miaka mitano, eneo baada ya eneo. Wazee wa miaka 75 na zaidi na watu wenye ulemavu walikuwa na mpango wao wa kusaidiwa: mtu anafika nyumbani, anafunga kifaa, anamwonyesha mwenye nyumba namna ya kukitumia. Hofu ilipungua kwa sababu kulikuwa na mikono ya kufunga nyaya.

Kwa nini hofu hii hukua upesi

Nimelifikiria sana hili, na naona mambo mawili yanazidi mengine.

La kwanza ni kwamba televisheni kwa familia nyingi ni kitu cha pamoja ndani ya nyumba. Simu ni ya mtu, redio huzunguka nayo, lakini TV ina kiti chake sebuleni, ina saa zake, ina ugomvi wake wa rimoti. Mahali pengine ni ya mtaa mzima: vibanda umiza vinavyoonyesha ligi ya Uingereza huishi kwa kioo kimoja. Kugusa kitu cha namna hiyo ni kugusa ratiba ya watu wengi kwa mara moja, na wote wanaanza kuongea wakati mmoja.

La pili, na kwangu ndilo zito, ni historia. Wakenya walioona polisi wakiongozana na maofisa kwenda Limuru hawakuwa wakianza kumbukumbu upya. Usiku wa 2 Machi 2006 polisi waliofunika nyuso walivamia ofisi na mtambo wa kuchapia wa gazeti la Standard pamoja na studio za KTN, wakachoma magazeti na kukizima kituo. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akiona bunduki karibu na mnara wa televisheni, hatasubiri kusomewa makubaliano ya Geneva. Ataamini macho yake. Serikali ilitakiwa kulijua hilo, ikatafuta namna nyingine ya kutekeleza jambo la kiufundi. Kwenda na polisi kulitoa kibali kwa kila tafsiri mbaya.

Ndiyo maana siwezi kuwacheka walioogopa. Waliogopa jambo lililo halisi, ila siku hiyo halikuwapo Limuru.

Siku lilipokuja kweli

Lilikuja miaka mitatu baadaye. Tarehe 30 Januari 2018 Raila Odinga aliapishwa kama "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru, Nairobi, na vituo vilivyopanga kurusha tukio hilo moja kwa moja, NTV, KTN News, Citizen na Inooro, vikazimwa. Safari hii hapakuwa na analojia wala dijitali ya kujadili, wala tarehe ya ITU. Ilikuwa ni amri ya kisiasa. Mahakama Kuu ikaamuru tarehe 1 Februari vituo virudishwe hewani. Siku zikapita bila amri kutekelezwa. Baadhi vilirudi baada ya takribani wiki, vingine baadaye kidogo. Waziri aliyesimamia mawasiliano mwaka 2015, Fred Matiang'i, safari hii akiwa wa usalama wa ndani, ndiye aliyetangaza kwamba vitabaki kuzimwa wakati uchunguzi unaendelea.

Pima matukio mawili haya. La 2015 lilikuwa la wiki tatu, la kibiashara kwa sehemu kubwa, na vituo vyenyewe vilikuwa na mkono katika kimya chake. La 2018 lilikuwa fupi zaidi, lakini ndilo lililokuwa kweli kile ambacho watu walidai kilitokea 2015. Waliokuwa wamepiga kelele zote mara ya kwanza walikuwa wameshazoea kioo cheusi.

Na Tanzania, Agosti 2018, bila polisi wala minara, mamilioni waligundua jinsi swichi inavyoweza kuwa karatasi. TCRA iliwaagiza watoa huduma za setilaiti za kulipia, Azam, DStv na Zuku, kuondoa vituo vya bure vya ndani kama ITV, Channel Ten, Clouds, EATV na Star TV, kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu kuvibeba. Kisheria hoja ilikuwapo. Lakini aliyekuwa amelipia king'amuzi chake na kuangalia taarifa ya habari ya saa mbili usiku humohumo, akaamka na kukuta ITV haipo. Kupata habari za nyumbani ikabidi atafute king'amuzi cha pili, akipange juu ya cha kwanza, na rimoti mbili mezani. Hapo, kwa maoni yangu, malalamiko yalikuwa na haki zaidi kuliko yale ya Januari 2013, na yalikuwa mafupi zaidi.

Afrika Kusini ndiko maswali ya kuhama yalikoulizwa vizuri zaidi. Serikali yake imeweka tarehe na kuzivuka kwa miaka mingi. Mwaka 2022 waziri alipanga kuzima tarehe 30 Juni. Siku mbili kabla, Mahakama ya Katiba ikabatilisha tarehe hiyo kwa kesi ya kituo cha e.tv na asasi ya Media Monitoring Africa, kwa sababu umma na wahusika hawakushauriwa ipasavyo. Tarehe nyingine ikawekwa, 31 Machi 2025, na Mahakama Kuu ya Pretoria ikaisimamisha. Katika kesi hizo watu wanahesabu nyumba. Ni kaya ngapi maskini zilijiandikisha kupata king'amuzi cha bure na hazijakipata? Nani atakifunga, na lini? Aliyekosa tarehe ya kujiandikisha ataangalia wapi habari? Hayo ndiyo maswali ambayo Nairobi 2015 yangepaswa kujaza saa zile za taarifa ya habari, na ambayo kila nchi iliyobaki na analojia inaweza kuyajibu kabla ya kumtuma mtu yeyote mlimani kuzima mtambo.